Mtafute Wako

Kinyozi yule alikuwa na mchezo wake wa kuwavunja watu mbavu. Foleni ikiwa fupi na maneno yameisha, anachukua taulo, anajifunga machoni, ananyoosha mikono kama mtu anayepapasa ukuta umeme ukiwa umekatika, halafu anasema, "Leteni kichwa."

Mteja mmoja anasukumwa mbele. Hakuna kuongea, hakuna kukohoa. Vidole vinapita utosini, vinashuka kisogoni, vinarudi kwenye panja. Jibu linatoka, "Huyu ni dereva wa gari la maji. Na kile kipele nilikwambia usikikune. Umekikuna."

Chumba kizima kicheko. Dereva anarudi kukaa huku anashika kipele chake kama mtu aliyeibiwa.

Na hakosei, bwana. Katika mtaa ule, ukiwa mwanamume na una kichwa, basi kichwa hicho kilishapita mikononi mwake. Watoto wa kiume ndio usiseme, anawajua tangu nywele za kuzaliwa nazo.

Chumba chenyewe kilikatwa katikati kwa pazia. Upande huu kioo, mashine mbili, chupa ya spiriti na kopo la poda. Upande ule, wenye mlango wake, dada yake anasuka. Watu wa mtaa walisema chumba kile kina maajabu, upande mmoja nywele zinapungua, upande wa pili zinaongezeka. Na pale katikati, juu ya kreti la soda, pazia likiwa limemwangukia begani, alikaa binti wa kinyozi, miaka mitano, jicho moja kwa baba na jicho moja kwa shangazi. Jina lake lipo, lakini baba yake alimwita Bosi, maana amri zote zilitoka kwake.

"Baba, taulo limelegea. Unachungulia."

"Sichungulii, Bosi."

"Kaza."

Anakaza.

Mama yake Bosi alikuwa nchi nyingine, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Alipiga simu ya video kila Jumapili, na Bosi alimpa taarifa ya wiki nzima bila kupumua. Jumapili moja taarifa ilikuwa ya michezo. Mwalimu wa chekechea alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wazazi. Mwaka huu, alisema mwalimu, hakuna mbio za kukimbia moja kwa moja mpaka kwenye utepe. Mwaka uliopita baba wawili nusura washikane mashati wakibishana mtoto wa nani kagusa utepe kwanza, na wakati wanabishana watoto wenyewe walishaenda kunywa juisi. Kwa hiyo michezo imebadilishwa yote. Wa mwisho kabisa, mwalimu alisema, utaitwa Mtafute Wako. Mzazi anafungwa macho. Watoto wanakaa kwenye benchi. Mzazi anashika vichwa, anamtoa wa kwake.

Kundi la wazazi lilijaa vicheko usiku kucha. Mtu mmoja akaandika, "Kinyozi ashapita huyo, tusihangaike."

"Mama," Bosi alisema kwenye simu, "baba atanipata mara moja tu. Sio mara mbili."

"Baba yako? Huyo hata funguo zake zikiwa mfukoni haoni."

"Vichwa anavijua, mama. Vyote."

"Haya. Jumapili ijayo nitakuuliza, alikupata?" Kisha mama akamtafuta kinyozi kwenye kioo cha simu. "Na wewe usichelewe. Mwaka jana ulifika wanapakia viti."

"Mwaka jana kulikuwa na foleni."

"Foleni haina mama, haina baba. Funga duka."

Wiki ile Bosi alimtangazia kila mtu. Alimwambia muuza mkaa, alimwambia dereva wa maji, aliwaambia watoto wa darasa lake mmoja mmoja. Baba yangu hata umzimie taa, hata umzungushe kama pia, atakuja moja kwa moja mpaka kwangu. Mtoto wa fundi cherehani akamwambia, "Na mama yangu je?" Bosi akamwambia, "Mama yako anajua nguo. Wewe kaa tu."

Ijumaa, upande wa pili wa pazia, kukawa na foleni ambayo dada mtu hajawahi kuiona. Akina mama wote wa chekechea walikuwa wameamka na wazo moja, mtoto apendeze kwenye michezo. Dada mtu alihesabu vichwa, akatazama jua, akatoa uamuzi. "Leo hakuna kuchagua. Mistari sita, inaanza mbele inaishia nyuma, kwisha. Anayetaka ua, anayetaka nyota, arudi Jumatatu." Akasuka mpaka vidole vikajikunja kama kucha za kuku. Bosi alisukwa wa mwisho, akiwa anajinyonganyonga kwenye mapaja ya shangazi yake kama samaki.

"Tulia wewe!"

"Unanivuta ubongo!"

Kinyozi alisikia yote yale. Alikuwa anapiga mashine upande wake, akacheka peke yake.

Jumamosi alifunga duka. Akatundika kufuli mchana kweupe, siku ambayo vichwa vinakuja kwa mafungu, watu wakadhani kuna msiba. Akavaa shati la kupigwa pasi, akamshika Bosi mkono, wakafika kabla hata viti havijapangwa.

Uwanja wa chekechea ni kipande cha nyasi chenye bembea moja na bomba la maji. Mwalimu alikuwa na kipaza sauti kilichokuwa kinakohoa. Akaanza na Mbio za Konokono, anayefika wa mwisho ndiye mshindi, ila ukisimama umetoka. Ona sasa wazazi waliozoea kupiga kelele "kimbia, kimbia!" wanalazimika kupiga kelele "pole pole! Usiharakishe, mwanangu! Vuta mguu!" Watoto walitambaa kama wanapita juu ya mayai. Mmoja akasinzia njiani, akatolewa.

Ukaja Mlishe Mamba, boksi kubwa lililokatwa mdomo na kuchorwa meno, watoto wanarusha soksi zilizoviringishwa, na kila soksi ikiingia mwalimu msaidizi aliyejificha ndani ya boksi anacheua. Ukaja wa Viatu vya Nyumbani, mtoto anavaa viatu vya mzazi na kutembea mpaka kwenye bomba na kurudi. Bosi aliburuta viatu vya kinyozi, akarudi na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye tope.

"Baba, kile kimechoka," alisema.

"Kimechoka au umekichosha?"

"Kimechoka chenyewe."

Halafu mwalimu akagonga kipaza sauti. "Sasa ule mliokuwa mnausubiri!"

Benchi refu likawekwa katikati. Watoto kumi wakakaa, mikono nyuma. Mwalimu akapita na jagi, kila mtoto akapewa fundo la maji, la kushika mdomoni. Ndiyo dawa ya kuzuia mtu kuita "mama niko hapa". Anayetema ametoka, anayemeza ametoka. Mashavu kumi yakavimba. Mzazi anaruhusiwa kushika kichwa tu, masikio hapana, nguo hapana. Anapita benchi mara moja, kisha anambeba wake.

"Nani anaanza?"

Swali gani hilo. Watu wote walimtazama kinyozi. Akafungwa kitambaa cheusi, akazungushwa, akasimamishwa mwanzo wa benchi. Kule mwisho Bosi alikuwa amekaa wima kama msumari, mashavu yamejaa, macho yanang'aa.

Kichwa cha kwanza. Vidole vikapita mara moja tu.

"Huyu wa muuza mkaa," kinyozi akasema. "Mwambieni baba yake alete huyu mtoto, nywele zimefunika shingo."

Uwanja ukacheka. Mtoto wa muuza mkaa naye akacheka, maji yakamtoka puani.

Kichwa cha pili. "Pacha. Ngoja. Pacha mdogo, yule mkubwa ana bonde hapa."

"Mzazi," mwalimu aliita, "wako tu! Tafuta wako tu!"

"Nakuja, mwalimu, nasalimia njiani."

Watu hoi. Mtu akapiga mluzi. Kinyozi akapita pacha mkubwa, akapita mtoto wa dereva wa maji, akapita na mvulana wa tano, kila mmoja kwa jina na kwa kasoro yake, kifua kinazidi kupanda. Wa kiume wakaisha. Akasogea hatua, akaweka mikono juu ya kichwa kinachofuata, na vidole vikakutana na mistari.

Mistari sita. Inaanza mbele inaishia nyuma.

Akatabasamu. Kazi ya dada hii. Akahamia kwa anayefuata. Mistari sita. Kazi ya dada. Anayefuata tena. Mistari sita. Tabasamu likakaa pale pale usoni kwa sababu hakuna aliyeliondoa.

Sasa fikiria. Yule alikuwa amemwona mwanawe kila siku ya maisha yake. Alijua anavyocheka, alijua anavyokoroma, alijua jino lipi linataka kung'oka. Lakini kichwa chake? Tangu aliponyolewa nywele za kuzaliwa na nyingine kuota, kichwa kile kilikuwa upande wa pili wa pazia. Kilisukwa na shangazi, kikafumuliwa na shangazi, kikapakwa mafuta na shangazi. Yeye alikuwa anakiona. Kukishika ilikuwa ni kugonga gonga utosini asubuhi, "Haya Bosi, shule." Ni kirefu au cha mviringo? Akasimama na swali hilo mbele ya wazazi wote wa mtaa, na swali halikuwa na pa kukaa.

Alirudisha vidole, mwalimu akamkataza. "Mara moja tu, mzazi! Mbele!"

Kulikuwa na wasichana watano. Kwenye kichwa cha nne alikuta msuko mmoja umelegea mwishoni, umeanza kufumuka. Akakumbuka Ijumaa, yule samaki mapajani mwa dada yake, tulia wewe, unanivuta ubongo. Msuko unalegea kwa anayejinyonganyonga. Basi ni huyu. Kichwa cha tano akakigusa kwa adabu tu, kama mtu anayeaga, akarudi kwa wa nne, akaingiza mikono makwapani, akambeba juu juu.

"Bosi wangu huyu hapa!"

Kisha mtoto aliyebebwa akashindwa kuvumilia, akamtemea maji yote kwenye shati la pasi, na uwanja mzima ukalipuka.

Kinyozi akavuta kitambaa. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa anamtazama kwa mshangao.

"Kaka," fundi cherehani aliita huku anajifuta machozi ya kicheko, "nirudishie mwanangu! Au unataka na mimi nije kuchagua kwako?"

Pembeni, mwisho wa benchi, Bosi alikuwa bado amekaa. Mikono nyuma. Mashavu yamejaa.

"Mwalimu, narudia," kinyozi akasema.

"Hakuna kurudia, ushaona!" wazazi wakaitikia kwa pamoja. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alitaka zamu yake. Mtoto wa fundi akapewa fundo jingine la maji, fundi cherehani akafungwa macho, akapita, akamtoa wake kirahisi tu, kwa ule msuko uliolegea. Baba wa mapacha akatoa mmoja akaambiwa achague tena. Benchi likapungua, likaisha, akabaki Bosi na maji yake. Mwalimu akamshika kidevu, "Tema sasa, mama. Umemaliza." Bosi akatikisa kichwa. Hatemi. Mwalimu akacheka, akatoa medali ya kifuniko cha kopo iliyofungwa utepe, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mdomo imara kuliko yote ni huu hapa. Watu wakapiga makofi. Bosi akapokea medali kwa mikono miwili, mashavu yamejaa vile vile.

Njia nzima kinyozi alizungumza peke yake.

"Ulikuwa mchezo tu, Bosi."

Kimya.

"Wote mmesukwa sawasawa. Hata shangazi yako angekosea."

Mashavu.

"Nikununulie juisi?"

Akatikisa kichwa. Juisi itapita wapi na maji yapo?

Walifika kwenye mtaro mbele ya duka. Pale ndipo Bosi alipoinama, akatema. Akajifuta kwa mkono wa sweta. Akasema sentensi moja, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kumbe unajua vya watu."

Kinyozi alikuwa anatafuta funguo. Zilikuwa mkononi. Akazitafuta bado.

Ndani, dada mtu alikuwa ameshasikia. Kundi la wazazi lilikuwa na video tatu tayari, na mtu mmoja alishamuuliza kinyozi kwa maandishi kama anabadilisha na watoto wengine. Dada akafunua pazia, akamtazama kaka yake, akaamua kumwonea huruma. Akarudi kwake.

Bosi alipanda kwenye kiti. Kile kikubwa cha kunyolea. Kinyozi alikuwa na kipande cha ubao cha kuweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto afikie kioo, na Bosi aliuvuta mwenyewe, akauweka, akaukalia.

"Ninyoe."

"Nini?"

"Kama wavulana. Wavulana unawajua."

"Bosi, shangazi yako atanila mzima mzima."

"Mama atauliza kesho." Alikuwa anamtazama kwenye kioo, siyo yeye mwenyewe, yule wa kwenye kioo. "Ataniuliza, alikupata? Mimi nitasema nini?"

Kinyozi alisimama. Mashine ilikuwa pale, na shuka lilikuwa pale. Angeweza kusema mambo mengi, na mengi yalikuwa ya kweli. Aliyafikiria moja moja, na kila moja lilikuwa kama juisi ile. Akachukua shuka, akalikung'uta, akamfunga shingoni. Alifumua mistari kwa vidole vyake kwanza, vibaya, kwa sababu hakuwahi kufumua kitu. Bosi aliuma meno, hakulia. Kisha mashine ikawaka.

Sauti ya mashine siyo kitu kipya chumbani mle, dada mtu hakuinua hata kichwa. Lakini fungu la nywele lilipodondoka likaviringika mpaka chini ya pazia, likaingia upande wake. Alilitazama. Akalitambua.

"Wewe!"

Pazia likararuka pete mbili.

"Kazi yangu ya jana! Mistari yangu! Umemnyoa mtoto kwa sababu wewe ni mjinga?"

"Ameomba mwenyewe."

"Ameomba! Akiomba sumu?"

"Dada, si wanasema mtoto akililia wembe mpe?"

"Mpe mkononi umkate, ajue! Hawakusema umnyoe nao!"

"Shangazi," Bosi akasema kutoka ndani ya shuka, "usimvuruge, atakosea njia."

Dada mtu akarudi upande wake, na kwa siku nzima hakutoa neno. Hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza.

Mashine ilipanda, ikashuka. Kinyozi hakuwa na maneno yake ya kawaida, yale ya kumuuliza mteja habari za nyumbani. Mkono wa kushoto ulitangulia, mashine ikafuata. Pahala fulani mkono ulisimama, ukarudi, ukapita tena. Alitaka kuuliza kitu. Kwenye kioo, Bosi alikuwa anamtazama bila kupepesa. Mtu anayeuliza ni mtu asiyejua. Akapaka spiriti, akapuliza.

Jumapili simu ikaita. Bosi akaiegemeza kwenye kopo la poda, akasogeza uso.

Mama yake alitabasamu. Kisha akasogea karibu na kioo. "We mtoto, habari yako. Niitie Bosi."

"Ndiyo mimi."

Mama akafuta kioo cha simu kwa kidole.

"Baba yako yuko wapi?"

Baba yuko nyuma ya pazia. Sauti ya dada mtu ikasikika, ya kwanza tangu jana, "Toka huku, huku ni kwa wanawake." Kinyozi akasukumwa, akatokea kwenye kioo cha simu na taulo begani.

"Mke wangu—"

"Nyamaza kwanza. Bosi, alikupata?"

Bosi hakuzungusha maneno. "Alinikosa. Akambeba wa fundi."

"Alikukosa!"

"Alinikosa, mama. Lakini sasa ananijua. Muulize."

Mama alimtazama mumewe muda mrefu. "Haya," akasema. "Jifunge hilo taulo."

Akajifunga. Bosi akalikaza. Vidole vikatua utosini.

"Kisogo kimetoka," kinyozi alianza. "Ana kichogo."

"Cha mama yangu hicho. Nakijua. Endelea."

"Utosini nywele zinazunguka mara mbili. Moja inaenda huku, moja huku."

"Tangu siku aliyozaliwa. Endelea."

"Nyuma ya sikio la kulia pana kinundu. Kama punje ya choroko."

"Nakijua. Kila siku nilikuwa nakisugua akilala. Endelea."

Kidole kilikuwa kimeshuka upande wa kushoto, juu kidogo ya shingo, pale kiliposimama jana.

"Hapa kuna kovu," akasema. "Fupi. Kama alama ya ukucha."

Mama akasogeza simu karibu na uso. Feni ya nyumba ile ya wazee ilikuwa inazunguka nyuma yake.

"Hilo silijui," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ni la lini?"

Kinyozi alibaki na kidole pale. Taulo machoni.

"Hata mimi sijui."

"Mimi nalijua!" dada mtu akapiga kelele nyuma ya pazia. "Lilikuwa—"

"Shangazi, nyamaza!" Bosi akageuka kwenye ubao mpaka kiti kikalia. "Kichwa ni changu, nasimulia mimi." Akamvua baba yake taulo, akaisogeza simu ili wote wawili waonekane, akajikalisha vizuri. "Ilikuwa kwenye bembea," akasema. "Msiniingilie."